Richard Pryor: Aliyejisema Kabla Hajasemwa

Mwaka 1979 Mmarekani mmoja mweusi, mwembamba, mwenye masharubu, alikaa kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli moja Nairobi akawa anatazama watu. Kwao asingeweza kukaa hivyo kwa utulivu. Alikuwa Richard Pryor, mchekeshaji aliyetajwa kuliko wote Marekani, na filamu ya onyesho lake ilikuwa imetoka mwaka huohuo. Kenya alikuja kupumzika. Hotelini aliona weusi, madukani weusi, barabarani weusi, magazetini na kwenye televisheni weusi, na Ikulu alikuwamo Daniel arap Moi, aliyekuwa hajatimiza hata mwaka tangu kumrithi Jomo Kenyatta. Kwa msomaji wa huku hilo si habari. Kwa mtu aliyezaliwa Illinois mwaka 1940, lilikuwa jambo la kumtikisa.

Baadaye alisimulia mwenyewe kilichompata pale kitini. Alisikia sauti ikimuuliza anaona nini. Akajibu kwamba anaona watu wa kila namna wakifanya kila kazi. Sauti ikamuuliza kama kati yao anamwona hata mmoja anayestahili lile tusi ambalo weupe wa Marekani waliwabandika watumwa, na ambalo yeye Pryor alikuwa amelifanya kitendea kazi, hata likakaa kwenye majina ya albamu zake mbili zilizoshinda tuzo ya Grammy. Akatazama tena. Hakumwona. Akatambua kwamba tangu ashuke kwenye ndege hakuwa amelitamka hata mara moja. Akaazimia kuliacha, na alipopanda tena jukwaani akawaeleza watu kwa nini ameliacha, akijua fika kwamba wapo waliolipa kiingilio ili walisikie.

Sisi tuliokulia katikati ya adhana na kengele za kanisa hatusumbuki kuelewa habari ya mtu kusikia sauti. Kinachosumbua ni kilichofuata. Mwaka mmoja na ushee baadaye, jioni ya tarehe 9 Juni 1980, mtu huyohuyo alitoka mbio nyumbani kwake Northridge, Los Angeles, akikimbia barabarani huku mwili wake unawaka. Mtu anaguswaje rohoni kiasi kile, kisha anafika pale?

Jibu, kwa sehemu kubwa, liko Peoria, mji wa viwanda kwenye mto Illinois. Pryor alilelewa huko na bibi yake, Marie Carter, mwanamke shupavu aliyeendesha danguro. Mama yake, Gertrude, alifanya kazi humohumo. Baba yake, LeRoy, alikuwa bondia wa zamani aliyeishi kwa biashara hiyohiyo. Mtoto alikuwa akiona kwa macho yake mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona, na akiwa na miaka saba alidhalilishwa kingono. Mama yake aliondoka akamwacha. Bibi, ambaye Pryor maisha yake yote alimwita Mama, alimpenda na kumcharaza kwa mkono uleule. Nawaomba wasomaji wasilipite jambo hili haraka. Mtoto anayefundishwa na mtu mmoja kwamba kupendwa na kupigwa ni kitu kimoja, akikua hataweza kuvitenganisha kwa kusikia mahubiri tu.

Nje ya nyumba ile kulikuwa na kituo cha vijana cha Carver, na ndani ya kituo kulikuwa na Juliette Whittaker, mwalimu aliyesimamia michezo ya kuigiza. Aliona kipaji cha kijana aliyekuwa amefukuzwa shule, akampa nafasi kwenye mchezo, akamtetea. Pryor hakumsahau. Alipopata tuzo ya Emmy mwaka 1974, kwa uandishi wa kipindi cha mchekeshaji Lily Tomlin, alimpelekea mwalimu wake tuzo hiyo. Katika maisha yaliyojaa watu aliowaumiza, nimeona vyema kulitaja deni hili alilolilipa.

Alipofika New York mwaka 1963 kutafuta riziki ya uchekeshaji, alijifunza kuwa Bill Cosby, mchekeshaji mwenzake. Sisemi kwamba alivutiwa naye tu. Alivaa kama yeye, alisitasita alivyositasita yeye, alisimulia visa safi ambavyo baba, mama na watoto wangeweza kuvisikiliza pamoja sebuleni. Pesa ziliingia. Kisha, Septemba 1967, katika hoteli ya Aladdin huko Las Vegas, alipanda jukwaani mbele ya ukumbi uliojaa, akawatazama wateja, akajiuliza kwa sauti anafanya nini pale, akashuka na kuondoka. Hakuwa na pa kwenda. Miaka michache baadaye alihamia Berkeley, California, akamsoma Malcolm X, akakaa na waandishi weusi kama Ishmael Reed, na aliporudi jukwaani alirudi na Peoria nzima: walevi wa kona, makahaba, wahubiri wenye jasho, wacheza kamari, na mzee Mudbone, mtu wa Mississippi mwenye visa visivyoisha. Hakuwacheka watu hao. Aliwapa sauti zao, na waliposema wao, ukumbi ulisikiliza.

Wachekeshaji wote wanaosimama peke yao na maikrofoni leo, wa Nairobi, wa Dar es Salaam, wa Kampala, wanapita katika njia aliyoifyeka yeye, hata wale ambao hawajawahi kumsikia. Kabla yake mchekeshaji alileta vichekesho. Yeye alijileta mwenyewe.

Tazama filamu ile ya 1979, iliyopigwa katika ukumbi wa Long Beach, California. Mwaka 1977 alikuwa amepata mshtuko wa moyo, na hapo jukwaani anauigiza. Anatembea kawaida, halafu ngumi inabana kifuani na moyo wenyewe unaanza kusema. Unasema kama askari mkorofi aliyemkamata mtu gizani. Unamwamuru asipumue. Anatii. Unamwamuru apige goti, anapiga goti, kisha anaanguka chali, anagaragara sakafuni, na moyo unazidi kumfokea, unamkumbusha nyama yote ya nguruwe aliyokula bila kuufikiria. Anamwita Mungu, na hata simu ya kwenda mbinguni haiunganishwi mara moja. Jasho linamtoka, uso umekunjamana kwa maumivu ambayo si ya kuigiza tu, na watu elfu kadhaa wanalia kwa kucheka. Sijaona mahali pengine ambapo hofu ya kifo imewekwa wazi namna ile, bila kuimbwa na bila kuhubiriwa.

Sasa tazama sehemu nyingine ya filamu hiyohiyo. Mwanzoni mwa 1978, nyumbani kwake, wakati mke wake wa wakati huo na wageni wakitaka kuondoka, Pryor alichukua bastola akalipiga risasi gari. Jukwaani anaigiza gari linavyokufa: tairi linavyotoa pumzi, injini inavyojitahidi kuguna kabla ya kunyamaza. Ni usanii wa hali ya juu. Halafu polisi wanafika na yeye anakimbilia ndani, kwa sababu, anaeleza, polisi hawaui magari, wanaua watu weusi. Ukumbi unapasuka. Ukweli mzito umepita katikati ya kicheko.

Ila kuna mtu anayepita haraka mno katika kisa hicho, naye ni yule mwanamke aliyetaka kutoka nyumbani kwake usiku ule na akazuiwa kwa risasi. Tunaijua sauti ya tairi. Tunaijua hata sauti ya ile vodka iliyokuwa ikimshauri apige tena. Hofu ya mke hatuijui. Hapo ndipo mapenzi ya Pryor yanapoanza kuonekana yalivyokuwa. Alifunga ndoa mara saba na wanawake watano, kwa maana wawili kati yao aliwaoa, wakaachana, akawaoa tena. Alikuwa na watoto saba. Aliwapiga wanawake, na yeye mwenyewe alikiri hivyo. Alikiri pia kwa uwazi ambao wanaume wengi hawauwezi kwamba anaogopa kuachwa, kwamba mwanamke akisema anaondoka yeye hugeuka mtoto wa Peoria aliyesimama mlangoni akimtazama mama yake akienda. Mtu anaweza kuamini kila neno la kukiri kule na bado akakataa kulifanya udhuru.

Kuhusu umaarufu nitasema machache, kwa sababu kwa Pryor umaarufu haukuzaa ugonjwa mpya, uliugharamia tu ule wa zamani. Mwaka 1977 shirika la televisheni la NBC lilimpa kipindi chake, kikaishia kwenye matoleo manne kwa mvutano juu ya kinachoruhusiwa kusemwa. Filamu ya Stir Crazy ya mwaka 1980, iliyoongozwa na Sidney Poitier, iliingiza zaidi ya dola milioni 100, na hakuna filamu ya mwongozaji mweusi iliyokuwa imewahi kufika huko. Wakati inapigwa Arizona, Pryor alikuwa amezama kwenye kokeini kiasi kwamba siku nyingine kazi ilisimama kumsubiri. Fundi seremala akichelewa kazini hivyo, atafukuzwa, na huenda kufukuzwa kukamwamsha. Nyota anayeingiza fedha husubiriwa. Atapewa chumba, atafichiwa, ataletewa anachotaka.

Na kokeini aliyokuwa akitumia haikuwa tena ile ya kunusa. Alikuwa ameingia kwenye kuipika na kuivuta kwa kiko, njia inayoufikisha ulevi kwenye ubongo ndani ya sekunde chache na kuuondoa ndani ya dakika chache, ili mtu arudi kiko kilekile tena na tena, usiku kucha, siku kucha. Bibi Marie alikuwa amefariki mwisho wa mwaka 1978. Yule pekee aliyeweza kumkaripia akatulia hakuwapo. Akajifungia chumbani.

Juni ile 1980, baada ya siku kadhaa za kuvuta bila kulala, alijimwagia ramu kali akawasha kiberiti. Alikimbia barabarani mpaka polisi walipomfikia. Nusu ya mwili wake iliungua, na alikaa hospitali wiki sita hivi akisafishwa vidonda, jambo ambalo yeyote aliyewahi kuuguza mtu wa moto anajua lina uchungu kuliko moto wenyewe.

Habari iliyotolewa kwa umma ilikuwa kwamba kilevi kililipuka wakati anakipika. Eti ilikuwa ajali.

Alirudi jukwaani, na mwaka 1982 ikatoka filamu ya onyesho lake la Sunset Strip. Amevaa suti nyekundu. Dakika za mwisho anasimulia kiko. Nayo ni simulizi ninayoiona kuwa kilele cha kazi yake yote, kwa sababu anakifanya kiko kiseme, na sauti anayokipa si ya shetani mwenye pembe. Ni sauti laini, ya rafiki, ya mtu anayekujali. Inamwambia asipokee simu. Inamwambia afunge mlango. Inamkumbusha saa ya kuvuta, inamhakikishia kwamba hao wengine wote hawamwelewi, wao wawili tu ndio wanaoelewana. Anakuja rafiki yake, Jim Brown, aliyekuwa nyota wa mpira wa Kimarekani, mtu wa kifua kipana asiyependa maneno mengi. Brown hamhubirii. Anamuuliza atafanya nini. Pryor anajitetea, anageuza mazungumzo, anakasirika, anaeleza utoto wake. Brown anarudia swali lilelile. Kiko nacho, kutoka pembeni, kinanong'ona kwamba asimsikilize.

Waliowahi kumtunza mraibu nyumbani wataijua sauti ile. Atakayesimuliwa na kijana aliyeacha unga Zanzibar au Mombasa jinsi arosto, ile hali ya kukosa unga, inavyobembeleza, inavyoahidi kwamba ni mara hii moja tu, atakuta maneno yanafanana kana kwamba waliambiana. Kokeini ya Los Angeles na heroini ya mitaani kwetu ni dawa tofauti, na tiba zake ni tofauti. Tangu mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni kwa waraibu wa heroini, kwa kawaida mgonjwa anafika kila siku, anainywa mbele ya mhudumu. Kwa kokeini hakuna dawa ya namna hiyo. Kinachobaki ni watu wanaorudi kuuliza swali lilelile bila kuchoka, kama Jim Brown alivyouliza, na kama wanavyofanya katika nyumba za upataji nafuu ambako aliyeanza kupona ndiye anayemshika mkono anayeingia.

Ukiziweka pamoja sauti mbili zilizomjia Pryor ndani ya muda ule mfupi, tofauti yake inasema mengi kuhusu roho kuliko vitabu vingi vya kiroho nilivyosoma. Ya Nairobi ilimwambia atazame watu. Ilimtoa ndani ya nafsi yake ikamwonyesha wengine, na aliponyanyuka pale kitini alikuwa amepungukiwa na dharau moja. Ya kiko ilimwambia asitazame mtu, afunge mlango. Zote mbili zilikuwa za upole. Zote mbili zilimjua kwa jina. Mtu anayetafuta kujua kama anayoyasikia moyoni ni ya Mungu au ni ya nafsi yake iliyochoka, sioni kipimo kilicho bora kuliko hiki: inakuelekeza kwa watu, au inakufungia mlango?

Mwishoni mwa onyesho lile la 1982 anawasha njiti ya kiberiti, anaitembeza hewani mbele ya uso wake, na kuwaambia watu kwamba amesikia kichekesho wanachomtania nacho: huyo ndiye Richard Pryor anakimbia barabarani. Wakati amelala hospitali ngozi imeondoka, watu walikuwa wakirushiana mzaha huo vijiweni. Akauchukua, akausema mwenyewe, akaaga, akaondoka.

Hapo nilimkumbuka mtani. Nilihudhuria msiba mmoja Kisarawe, marehemu mzee wa Kizaramo, na mtani wake wa Kinyamwezi akaingia uani amevaa koti la marehemu. Alitembea kwa kuchechemea kama alivyochechemea mzee. Akasalimia kwa kukohoa kama alivyokohoa mzee. Akataja hadharani madeni yake ya gahawa, ubahili wake, na jinsi alivyokuwa akijificha akisikia mchango wa harusi unapita. Wajane walikuwa wamekaa mkekani tangu usiku hawajasema neno. Mmoja alicheka, akalia, akacheka tena. Mtani akajilaza mlangoni, akasema maiti haitoki mpaka alipwe chake. Alipolipwa alivua koti, akachukua jembe, akaenda makaburini kuchimba pamoja na wenzake, na jioni nikamwona jikoni anapasua kuni.

Watu wengi wakizungumzia utani huishia kwenye kicheko. Jembe linasahauliwa. Mtani ana ruhusa ya kusema yale ambayo ndugu hawathubutu kwa sababu ana wajibu ambao ndugu, kwa uchungu walio nao, hawauwezi. Akikusema, hakuachi. Pryor alikuwa na kipaji cha mtani kwa ukamilifu, lakini hakuwa na wa kumtania yeye akabaki baada ya kicheko. Akalazimika kujitania mwenyewe. Na waliomcheka, mamilioni, walikuwa wamelipa tiketi. Taa zilipowashwa waliondoka wakaenda kutafuta magari yao. Yeye akabaki na aliyoyasema.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaosema kwamba jukwaa lilikuwa tiba yake. Ingekuwa hivyo, mwaka ule wa 1982 angekuwa amepona. Waislamu hufundishwa madrasa kwamba toba ina masharti: mtu aache dhambi, aijutie, aazimie kutoirudia, na kama alimdhulumu mtu, amrudishie haki yake. Wakristo nao hawako mbali, wanamkumbuka Zakayo aliyeahidi kurudisha mara nne. Pryor alijuta kwa namna ambayo dunia haijaona tena. Katika mengine alikwama. Katika onyesho la mwaka 1983 alisimama mbele ya watu akasema ameacha pombe na dawa, baadaye akarudi kulekule. Na hata katika ukweli kulikuwa na mahali hajafika. Mwaka 1982, katikati ya uwazi wote ule, alikuwa bado hajasema kwamba moto aliuwasha mwenyewe. Mwaka 1986 aliongoza filamu ya Jo Jo Dancer, habari ya mchekeshaji anayelala hospitali ameungua huku roho yake ikitoka mwilini na kurudi utotoni, kwenye nyumba ya bibi, kutafuta ilipoanza kuharibikia. Humo, kwa mara ya kwanza, watazamaji walimwona mhusika akijimwagia pombe na kujiwasha. Katika kitabu chake cha maisha, mwaka 1995, aliyasema bila kujificha nyuma ya mhusika.

Miaka kumi na mitano tangu moto. Sisemi hivyo kumlaumu. Nasema ili wale wanaodhani mchekeshaji anayejianika jukwaani amekwisha kusema yote wajue kwamba yawezekana anachokificha ndicho kinachomuua. Katika miaka ya karibuni tumewasikia wachekeshaji wa Kenya wakizungumza waziwazi kuhusu sonona na ulevi, na wengine tumewazika. Kila mara mitandaoni huandikwa kwamba alikuwa mtu wa kuchekesha sana, nani angejua. Wenye kumbi, waandaaji wa maonyesho na sisi waandishi tunaowapigia simu wachekeshaji tukitaka nukuu ya kuchekesha tunajua zaidi ya tunavyosema. Tunajua nani hafiki kwenye mazoezi. Tunajua nani analipwa nusu kwa fedha na nusu kwa chupa. Yupo anayeweza kuuliza swali la Jim Brown, na kulirudia kesho yake, na haligharimu kitu.

Mwaka 1986, mwaka uleule wa Jo Jo Dancer, madaktari walimwambia Pryor kwamba ana maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaula utando unaofunika neva. Taratibu viungo vinaacha kutii. Kwa mtu ambaye sanaa yake yote ilikuwa mwilini, aliyeweza kuwa tairi, mbwa, moyo, mlevi, bibi, ilikuwa ni kunyang'anywa chombo kimoja baada ya kingine. Mwaka 1991 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo. Alijaribu kupanda jukwaani akiwa amekaa, sauti imefifia. Mwaka 1998 kituo cha Kennedy, Washington, kilipoanzisha Tuzo ya Mark Twain kwa wachekeshaji, yeye ndiye aliyepewa wa kwanza. Miguu ilikuwa haimbebi tena.

Nyumbani alikuwapo Jennifer Lee. Huyu ndiye aliyefuatana naye Kenya mwaka 1979. Aliolewa naye mwaka 1981, wakaachana mwaka uliofuata. Mwaka 1991 alichapisha kitabu cha maisha yake mwenyewe, Tarnished Angel, akayaweka humo mambo yao yote, vipigo, kokeini, usiku wa vitisho. Alimsema mbele ya watu kama ambavyo Pryor alizoea kujisema, ila safari hii mwanamke alisimama katikati ya kisa na sauti yake ikasikika. Miaka mitatu baadaye, Pryor akiwa hajiwezi na fedha zake zimeachwa mikononi mwa watu ovyo, alirudi kumtunza.

Sitaki mwanamke yeyote anayepigwa usiku wa leo asome habari hii akadhani amepewa fundisho la kuvumilia. Jennifer Lee alirudi kwa mtu asiyeweza tena kuinua mkono, na alirudi akiwa ameshasema ukweli wote na kuuchapisha. Alimlisha, alipanga dawa, alishika hesabu za nyumba, aliwafukuza waliokuja kula. Mwaka 2001 walifunga ndoa tena. Tarehe 10 Desemba 2005, siku tisa baada ya kutimiza miaka 65, Pryor alifariki kwa mshtuko wa moyo huko Los Angeles, na mke aliyemsema kitabuni ndiye aliyekuwa naye na ndiye aliyepanga mazishi. Kisarawe wangemwelewa.